Notisi ya Chumba cha Madirisha Mawili

3 Februari

Mama mpendwa,

Nimefika, nimepokelewa, nimepewa meza. Meza ina mguu mmoja mfupi. Nimeuwekea karatasi iliyokunjwa, lakini kila nikiandika neno refu bado inatikisika, kana kwamba inanionea huruma. Ofisi ni ya makazi. Watu huleta malalamiko ya paa, ya vyoo na ya wapangaji wasiotaka kuhama, nasi tunawaandikia barua. Mwandishi wa barua hizo ni mimi.

Mkuu wetu ni mama wa makamo. Wenzangu wanamwita Kufuli, kwa sababu muhuri wa ofisi anaufungia kwenye droo na ufunguo unakaa shingoni mwake. Akitoka nje kupunga upepo, na hutoka mara nyingi, hunikabidhi mimi ufunguo huo. Namwogopa. Asubuhi ya baridi kali anafungua dirisha lililo nyuma yangu, karatasi zinaruka, mimi nafukuzana nazo sakafuni, na yeye anajipepea kwa jalada la faili kama vile tuko jikoni. Jana nilithubutu kulifunga. Aliniangalia tu. Nikalifungua mwenyewe, nikaomba radhi, halafu nikaomba radhi tena.

Niko kwenye miezi ya majaribio. Kosa moja tu, narudi nyumbani na mabegi yangu.

Mama, kuna neno limenikaa kooni tangu stendi. Uliniaga haraka mno. Mama za wenzangu walining'inia kwenye madirisha ya basi. Wewe ulinigusa bega, ukasema, "Haya nenda, usichelewe," ukasogea kivulini. Na mwaka wote ule wa mwisho, jioni nikikuegemea, ulikuwa unaniambia, "Sogea huko, Kalamu." Zamani hukuwa hivyo. Nilijiambia mama amenichoka, na ndiyo maana nikakubali kazi ya mbali namna hii. Kama nimekosea, niambie. Kama sijakosea, usiniambie.

Chumba changu usikiguse, nakuomba. Na yale maandishi yangu ya chaki ukutani, ya wakati wa mitihani, yaache yalivyo.

Mwanao,
Kalamu


16 Februari

Mwanangu Kalamu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, pasi mkononi, hadi shuka ya mteja ikaanza kunuka. Haikuungua, usianze kuhangaika. Mimi mzima. Mambo ya stendi yaache, siku ile jua lilikuwa kali.

Nina habari. Nimepata mpangaji. Ni mwanamke, kazi yake kupaka rangi nyumba za watu, kutwa yuko juu ya ngazi. Mtaani wanamwita hivyo hivyo, Mpaka Rangi. Ana miguu mirefu na sauti kubwa, na huanza kucheka kabla hajamaliza kichekesho chake mwenyewe. Alipoingia tu akasema, "Mama Pasi, nyumba hii umeiziba kama kopo!" Akafungua kila kinachofunguka.

Basi tumepanga upya. Kitanda chako kimesogezwa katikati ya yale madirisha mawili, upepo unaingia huku unatokea kule. Ukuta umepakwa nyeupe. Chaki yako, samahani, imefunikwa. Asubuhi kabla jua halijawaka tunatembea, mimi na yeye, hadi kwenye mnara wa maji na kurudi. Chai nakunywa asubuhi tu. Chakula cha jioni tunakula mapema, na pilipili hatutii.

Likizo ya mwezi wa sita usije kwanza. Nyumba bado haijakaa sawa.

Fanya kazi, kula, lala.

Mama yako


25 Februari

Mama mpendwa,

Nimefurahi sana kusikia kwamba umepata mwenzako. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta hadi ikakaa vizuri.

Naomba kuuliza mambo machache, bila nia mbaya. Je, Mpaka Rangi ana kwao? Je, kitanda changu kinamtosha, kwa miguu hiyo mirefu? Na chaki yangu ilimkosea nini? Kanuni zile ndizo zilizonipitisha mtihani. Wewe mwenyewe ulikuwa ukifagia chumba huugusi ukuta ule hata kwa ufagio.

Na tangu lini unatembea, mama? Siku ya matokeo yangu nilikuomba tutoke tu hadi barabarani, tupite mbele za watu. Ukasema miguu mizito, ukajilaza na viatu, ukanipa mgongo. Nikazunguka mtaa peke yangu na cheti changu. Tangu lini unakula chakula kisicho na pilipili? Mimi umenilisha pilipili hadi nikazoea kula huku machozi yananitoka. Leo amekuja mtu na ngazi, umeiacha.

Mwenzangu wa meza ya pili ameniambia nina uso wa mtu aliyeibiwa. Nimemwambia sijaibiwa kitu.

Kama hunitaki likizo, sitakuja. Hapa kuna faili nyingi za kupanga.

Mwanao wa kwanza na wa pekee,
Kalamu


8 Machi

Kalamu, mama yangu wewe,

Unauliza maswali kama hakimu. Hapa hakuna kesi. Mpaka Rangi alikuwa na kwao, mama yake alishafariki. Ukuta nilisema mimi upakwe, si yeye. Nilitaka chumba chenye mwanga.

Mwaka jana nilikuwa nimechoka kidogo, ni kweli. Sasa nina nafuu. Muuguzi wa zahanati aliniambia nitembee, na niwe nanyanyua vitu vizito kiasi ili mifupa ikumbuke kazi yake. Basi Mpaka Rangi amechukua makopo mawili ya rangi yaliyoisha, akayajaza mchanga. Mimi nanyanyua uani, yeye anahesabu kwa sauti kama anafundisha gwaride, na majirani wanachungulia juu ya ukuta. Juzi mmoja akauliza, "Mama Pasi, unakwenda vitani?" Mpaka Rangi akamjibu, "Tayari amerudi, wewe ndiye hujaitwa!" Nilicheka hadi nikakaa chini. Tulirudi ndani tumeshikana mikono kama wasichana wa shule.

Na siku nikiamka vibaya, yeye ndiye anayenifulia shuka kabla wateja hawajaja. Ukiandika tena, mshukuru. Amekuwa kama mwanangu wa pili.

Zahanati nilikwenda tu. Hakuna ugonjwa. Usianze.

Mama yako


20 Machi

OFISI YA MAKAZI

Kwa Mpangaji,
Chumba chenye madirisha mawili,
Nyumba ya Mama Pasi.

KUHUSU: NOTISI YA KUHAMA CHUMBA

Ndugu Mpangaji,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Imebainika kwamba unalala katika chumba kilichotajwa bila idhini ya mwenye haki nacho. Chumba hicho kina mwenyewe, ambaye yuko mbali kikazi na hajakiacha, wala hajawahi kusema amekiacha.

Kwa notisi hii unatakiwa kuondoa godoro, shuka na vitu vyako vyote, na kukirudisha kitanda ukutani kilipokuwa, kabla ya mwisho wa mwezi huu. Ukuta hauwezi kurudishwa ulivyokuwa, jambo ambalo ofisi inalisikitikia.

Unashauriwa usimshirikishe mwenye nyumba katika suala hili, kwa kuwa ana huruma na atakutetea.

Tunaomba radhi kwa usumbufu.

Aidha, tunaomba radhi kwa usumbufu mwingine wowote utakaojitokeza.

Karani wa Barua
(Muhuri)


5 Aprili

Dada Kalamu,

Hunijui, lakini barua yako imenifikia, au tuseme imefika nyumbani. Mimi ndiye Mpaka Rangi. Mwandiko wangu uvumilie, nimezoea brashi.

Notisi ililetwa mchana, mimi niko juu ya ngazi mtaa wa pili. Juu ya bahasha umeandika "Mpangaji, Chumba chenye madirisha mawili." Mama Pasi akaifungua mwenyewe, kwa sababu anayelala chumba hicho ni yeye.

Soma tena hapo, polepole. Mimi nalala chumba cha nyuma, kile alichokuwa analala mama yako, kisicho na dirisha, kinachopakana na chumba cha pasi. Mimi nikishagusa mto nimekwisha, hata ndani ya tanuri nalala. Kitanda chako sijakikalia hata kwa kufunga kiatu. Aliyekuwa anakilalia ni mama yako. Umemfukuza mama yako, dada. Kwa muhuri.

Aliponisomea alianza kwa kucheka. Akasema, "Huyu ni mwanangu. Ofisi gani nyingine inaomba radhi mara mbili?" Jioni narudi, nakuta kitanda chako kimerudishwa ukutani, kimetandikwa vizuri kama cha mgeni, na godoro lake lipo kwenye sakafu ya chumba cha pasi. Nikamwambia, "Mama, rudi kule." Akanijibu, "Mwenye chumba amekitaka." Nikamwambia basi niondoke mimi yaishe. Akasema, "Wewe hujaandikiwa."

Tangu siku hiyo halali. Joto linampanda kifuani hadi usoni, anaamka shuka limelowa, anakaa kwenye saruji hadi kunakucha. Kutembea hataki, anasema miguu haimbebi. Amerudia chai yake nyeusi kutwa nzima ili asimame, na kadiri anavyokunywa ndivyo usingizi unavyomkimbia. Juzi alisinzia wima, pasi juu ya shati la mteja. Shati limebaki na tundu lenye umbo la pasi, na mkono wake umeungua hapa juu ya kiganja. Si vibaya sana. Lakini si kidogo.

Nakuandikia wazi, maana naona ninyi wawili mnaweza kuzungukana hadi wajukuu. Mama yako hedhi yake inakoma. Ilianza kabla hujaondoka. Mengine atakueleza mwenyewe, mimi ni mtu wa rangi.

Amenikataza nisikuandikie, na unaona nimeandika. Na usidhani wivu ni wako peke yako. Kila tukifika mnara wa maji, habari ni wewe. Kalamu alisema hivi, Kalamu alipokuwa mdogo vile, Kalamu hali mayai ya kuchemsha. Mimi mama yangu hayupo wa kunisimulia kwa watu. Mnara ule nimeuzunguka na wewe kuliko ulivyowahi kuuzunguka mwenyewe.

Fanya jambo, na ufanye haraka.

Mpaka Rangi


10 Aprili

Mama,

Mkono ukoje? Jibu hilo kwanza, hata kama hutajibu mengine.

Notisi niliiandika mimi. Unajua. Kufuli alitoka kupunga upepo, akaniachia ufunguo, nikachapa karatasi ile, nikagonga muhuri nikiwa nimeushika kwa mikono yote miwili. Tangu siku hiyo mlango ukifunguliwa nadhani wamekuja kunichukua. Lakini sasa naona hilo lilikuwa dogo. Nilikuwa napigana na mtu wa kufikirika aliyelala kitandani kwangu, kumbe kitandani ulikuwapo wewe, unahema, unatafuta upepo.

Sitakuficha, maana kuficha kumetufikisha hapa. Hata sasa, aibu ikiwa imenipanda hadi masikioni, bado namwonea wivu. Yeye aliambiwa. Mimi nilikaa nawe nyumba moja mwaka mzima, tunakula sahani moja, nikaambiwa "sogea." Yeye amekuja na ngazi yake, kabla hata viatu havijazoea mlango wetu, ameambiwa mwili wako unafanya nini. Nimesoma vitabu vyote walivyonipa, mama. Ningeelewa. Au hukuniamini?

Nauliza, lakini hata ukikataa kujibu, rudi chumbani. Kisogeze kitanda katikati. Narudia: chumba ni chako, ukuta ni wako, na chaki nimeisamehe. Barua hii haina muhuri.

Kalamu


21 Aprili

Mwanangu,

Mkono unapona. Ngozi inavuta kidogo nikikunja shuka, basi.

Umeuliza kama sikukuamini. Nimeikalia barua yako siku kadhaa, maana mimi na wewe hatujawahi kuzungumza mambo ya namna hii, hata yako yalipoanza nilimwachia mwalimu wako. Sasa nitasema.

Ilianza mwaka wa mitihani yako. Nilikuwa napiga pasi, mara joto likanipanda kutoka kifuani, uso ukawaka, moyo ukaenda mbio, nikadhani ni moyo wenyewe, nikasema basi, naenda. Dakika chache likaisha, nikabaki nimelowa na baridi inanipiga. Likawa linarudi. Usiku silali, mchana nasinzia. Nikawa nasahau majina ya wateja niliowapigia pasi tangu wako tumboni. Siku moja nililia kwa ajili ya kifungo cha shati. Kifungo, Kalamu! Damu ikawa inakuja ovyo, mara nyingi mno, mara hakuna kabisa. Uchovu ule si wa kazi. Wa kazi ukilala unaondoka. Ule naamka nao.

Siku ya matokeo yako sikukupa mgongo. Nilikuwa siwezi kusimama.

Ulipoondoka ndipo nikaenda zahanati. Wakapima damu, ikawa pungufu, wakanipa vidonge. Wakapima na presha. Muuguzi akasema mwili unabadilisha zamu, si mimi wa kwanza. Akaniambia nitembee asubuhi, niache chai ya mchana, nile maharage na maziwa na mboga za majani, nivae pamba ninapolala, nilale na kuamka saa zilezile, na nilale penye hewa. Ikizidi nirudi, yapo na matibabu mengine. Niliona ananichezea, mtu anaumwa unamwambia atembee! Lakini Mpaka Rangi alikuwa ndiyo kwanza amehamia, akasema, "Twende, nami naelekea kazini huko huko." Ilichukua muda. Sio kila siku inakuwa nzuri. Ila nilianza kuona mwisho wa siku nikiwa bado nina mtu ndani yangu.

Kwa nini yeye. Mtu ambaye hajawahi kukuona una nguvu, ni rahisi kumwambia nguvu zimeisha. Wewe ulinijua nabeba mafurushi mawili ya shuka kichwani na huku nakukemea. Nilitaka ubaki na yule. Na ningekuambia, usingeondoka. Ungesema "nabaki kumwangalia mama," ukaiacha kazi, na mimi ningekuona kila siku nikijua ni miguu yangu iliyokukalisha hapa.

Nilipokuwa nakwambia sogea, sikuwa nakufukuza. Mwili ulikuwa unawaka. Ukishasogea naitazama ile nafasi uliyoiacha, nataka urudi, na najua ukirudi nitakusogeza tena.

Kitanda chako nilikihamia kwa sababu ya madirisha. Hivyo ndivyo nilivyomwambia muuguzi, na ni kweli. Muuguzi sikumwambia kwamba foronya yako niliikawiza kufua.

Notisi yako niliitii kwa hasira. Nilitaka ufike siku moja unikute sakafuni. Sasa nimeona hasira hiyo inaniunguza mimi na mashati ya watu. Nimerudi. Kitanda kipo katikati, nimelala vizuri juzi na jana, na sitoki, hata uje na hakimu. Chai ya mchana nimeimwaga. Mnarani tumefika leo, polepole.

Likizo njoo. Nilikuzuia ili usinione nilivyokuwa. Utalala chumba cha nyuma na Mpaka Rangi. Anakoroma.

Mama yako


30 Aprili

Mama yangu,

Nimemwambia Kufuli. Nilimpelekea nakala ya notisi, nikasimama mbele ya meza yake. Aliisoma yote, akajipepea, akasema, "Lugha safi. Chumba umekosea." Nikaanza kupanga mabegi yangu kichwani. Ameniongezea miezi ya majaribio, na ufunguo sitaugusa hadi atakapotaka mwenyewe. Nikamwomba radhi. Mara moja tu.

Nilipokuwa natoka niliona jasho kwenye mdomo wake wa juu, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Sikumwuliza kitu. Jioni niliokota mawe njiani, nikayaosha, nikaweka moja juu ya kila rundo la karatasi. Leo aliingia, akafungua dirisha, karatasi hazikuruka. Akayatazama mawe, akanitazama mimi, akavuta kiti chake karibu na upepo.

Barua yako naisoma kila siku nikishamaliza kula. Pale pa siku ya matokeo napasoma mara nyingi zaidi. Nilikuwa nimekasirikia mgongo wako muda wote huu.

Nakuja mwezi wa sita. Chumba cha nyuma nimekikubali, na kukoroma pia. Mpaka Rangi bado namwonea wivu. Nimejaribu kuacha, nimeshindwa, mwambie hivyohivyo bila kupunguza. Mwambie pia nashukuru kwa shuka alizozifua. Na mwambie kwenye njia ya mnarani upande wako wa kushoto ni wake. Wa kulia nauomba mimi.

Na kama asubuhi hiyo joto litakupanda, usinionee haya. Sema tu "Sogea huko, Kalamu." Nitasogea kiasi cha kupitisha upepo kati yetu, tuendelee kutembea.

Mwanao,
Kalamu